Bunduki iko na kinywa, lakini haiwezi kujieleza



Kila mara tunapoandika juu ya desturi za bankambo, tunaandika juu ya ngoma, ndoa, majina ya watoto, misalaba ya shaba na vyakula. Ni vizuri, na tuendelee. Lakini kuna kitu kimoja chenye kinabakia nyuma ya mlango mu nyumba za wazee wengine, na sisi wote tunapita mbele yake kama vile hatukioni. Ni bunduki ya zamani. Wengine wetu wanasema haiko ya desturi yetu, itupwe. Wengine wanaiuza usiku. Wengine wanaipiga hewani siku ya kilio. Mimi nasema hawa wote watatu wanaharibu kitu kimoja, na nitaeleza sababu bila kuzunguka.

1. Wenzetu wa ng'ambo wanafanya nini

Mu Ulaya na Marekani kuna watu wengi wenye wanakusanya bunduki za zamani za jeshi la Ujerumani. Hawako majambazi, hawako masoda. Ni mafundi, walimu, wazee wa pansheni. Mmoja anatafuta Mauser ya 1871, ile yenye inapiga sasi moja moja ya milimita 11 kwa baruti nyeusi. Mwenzake anatafuta ya 71/84, yenye iko na bomba chini ya mtutu la kushika masasi 8. Mwingine hataki kusikia habari ya hizo mbili. Yeye anataka Gewehr 98, ya milimita 7.92, masasi 5, na baruti yenye haitoi moshi mwingi.

Na kuwa na bunduki peke yake haitoshi. Inapaswa kuwa na wenzake: mkanda wa ngozi wa wakati ule ule, bayoneti ya aina yake, fimbo ya kusafishia, mfuko wa kartushi, paka kifuniko kidogo cha mtutu. Akikuta bunduki ya 1890 imefungwa mkanda wa 1915, anasikitika kama mama mwenye anaona mtoto wake amevaa kiatu cha jirani. Anasoma alama zilizopigwa mu chuma: taji, mwaka, jina la kiwanda (Spandau, Danzig, Erfurt, Amberg), nambari, alama ya kikosi. Akiona herufi K.S., moyo unamruka, kwa maana inamwambia kama bunduki ilikuwa ya Kaiserliche Schutztruppe, jeshi la Kaisari mu makoloni.

Siku ya posho anaibeba ku uwanja wa shabaha. Kartushi za namna ile si rahisi kuzipata mu duka, basi wengi wanazijaza wenyewe, kipimo kwa kipimo. Wanajua kama Mauser ya 71 ilitengenezwa kwa baruti nyeusi tu, na mtu akitia baruti ya kisasa bila kujua, mtutu unaweza kupasuka mbele ya uso wake. Akipiga, wingu jeupe linapanda. Akirudi nyumbani anaosha mtutu na maji ya moto, kwa sababu masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu na kula chuma. Anakausha, anapaka mafuta, anaandika mu daftari.

Siwacheki hawa watu. Kama mwalimu, ninawasifu juu ya ile daftari. Wazee wetu wa pwani walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mfanyie mtu kama huyo interro moja ndogo. Umuulize: hii bunduki yako ya K.S., yenye umeijua paka skrubu ya mwisho, nani aliibeba? Atajibu: askari. Askari gani? Mtoto wa nani? Alitoka kijiji gani, alikufia wapi, bibi yake aliitwa nani? Hapo mwalimu anatia sifuri. Ule mkusanyaji amepata wenzake wote wa bunduki isipokuwa mmoja, naye njo mkubwa: mtu.

Ule mtu anatoka kwetu na kwa jirani zetu wa mashariki. Habari yake haiko mu Spandau wala mu Erfurt. Kama iko fasi, iko huku. Na huku tunaiacha inakufa.

2. Hii habari ni yetu

Kuna mwenye atasema: «Mwalimu, mambo ya Wajerumani yanatuhusu nini sisi watu wa Katanga? Sisi tulitawaliwa na Wabeleji.» Basi tufungue historia kidogo.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Walisema ni kwa kupigana na biashara ya watumwa, na kweli ile biashara ilikuwa ubaya mkubwa, hakuna mwenye ataitetea hapa. Lakini ndani ya mkataba kulikuwa na fungu lingine: kati ya digri 20 za kaskazini na digri 22 za kusini, Mwafrika asiuziwe bunduki za kisasa. Zenye zingeweza kuuzwa ni zile za gumegume, za kuwasha kwa jiwe, na mtutu laini, na baruti ya kawaida. Angalia karta: Katanga yote iko ndani ya ile mistari. Tangu siku ile, mzungu alikuwa na bunduki yenye inatiwa masasi kwa nyuma, na mtu mweusi akabakia na yenye inatiwa baruti kwa kinywa. Pupu ya mwindaji wetu, yenye watu wa mji wanaichekelea, kwangu mimi ni mjukuu wa ile sheria.

Mwaka wenye ulifuata, 1891, ulikuwa mwaka wa bunduki mu nchi hizi zetu. Tarehe 17 Agosti, kule Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walivunja kikosi cha Emil von Zelewski na wakachukua bunduki za Wajerumani karibu 300. Tarehe 20 Desemba, hapa kwetu, karibu na Bunkeya, kapiteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs alimpiga Mwami Msiri masasi, naye Bodson pia akafa kwa masasi ya watu wa Msiri. Msiri huyo alikuwa wa asili ya Unyamwezi. Ufalme wake aliujenga kwa shaba, pembe, chumvi na watumwa pia (tusifiche), na kwa bunduki na baruti zenye zilifika kwa njia ya mashariki na njia ya Angola. Shaba yetu ilinunua bunduki, na shaba yenyewe ikatengenezwa masasi. Mwenye anasema bunduki haikuingia mu maisha ya bankambo, hajasoma hata ukurasa wa kwanza.

Sasa tufike 1914. Vita ya Wazungu inaanza. Sehemu kubwa ya Force Publique ilikuwa na bunduki ya Albini, ya Ubelgiji, milimita 11, sasi moja moja, baruti nyeusi. Ngambo ya pili ya Tanganyika, maaskari wengi wa von Lettow-Vorbeck walikuwa wangali na Mauser ya 71, nayo milimita 11, sasi moja moja, baruti nyeusi. Kartushi zilikuwa mbalimbali, ya mmoja haingii mu bunduki ya mwenzake, lakini ubaya ulikuwa mmoja: ukipiga, moshi unapanda, na adui anajua uko wapi. Fikiri kidogo. Mtu wa huku na mtu wa kule, wote wawili wanasema Kiswahili, wote wawili wamepewa bunduki zenye Ulaya ilikuwa imekwisha kuziacha, wanatafutana mu moshi juu ya ugomvi wenye hawakuuanzisha.

Vikosi vya Katanga vilivuka mpaka kwenda kusaidia Waingereza mu Rhodesia ya Kaskazini, na mu 1915 vilipigana kule Saisi. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Kongo liliingia Tabora. Tabora, mji wa Unyamwezi! Kutoka zile nchi njo Msiri alikuja huku na watu wake, na nusu ya karne kisha, masoda wa Kongo wanaingia kule na bunduki ya mzungu ku bega. Mu Oktoba 1917 wakafika Mahenge. Na tarehe 25 Novemba 1918, von Lettow-Vorbeck akaweka silaha chini kule Abercorn, leo Mbala, karibu na mpaka wetu. Bunduki zenye zilihesabiwa siku ile zilikuwa 1,071, nazo zilikuwa za Wareno na za Waingereza, zenye zilikamatwa njiani. Jeshi la Ujerumani lilimaliza vita bila bunduki za Ujerumani! Mauser zilikuwa zimekwisha kuvunjika, kutupwa, kukamatwa, kupotea mu pori na mu vijiji. Mkusanyaji wa ng'ambo anauliza juu ya nini hizo bunduki ni kidogo leo. Ni sababu zilikwisha huku, mu mikono ya watu wetu.

Na mikono yenyewe? Hesabu ya wabeba mizigo wenye walitumiwa upande wa Wabeleji inafikishwa 260,000. Hawakubeba bunduki, walibeba masanduku ya kartushi, unga, chumvi, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande. Wengi hawakurudi. Wanawake nao walifuata maaskari, wakapika, wakazaa njiani. Na hapa nyumbani, kiwanda cha Lubumbashi, chenye kilitoa shaba ya kwanza mu 1911, kilizidisha kazi: kati ya 1914 na 1917 shaba ya Union Minière ilipanda zaidi ya mara mbili, kwa sababu viwanda vya silaha vya Waingereza na wenzao viliihitaji. Ganda la kartushi ni nini? Ni shaba karibu sehemu saba, na zinki sehemu tatu. Mwenye kuchimba shaba mu Katanga alipigana vita bila kuona vita.

Jenerali Charles Tombeur, mkubwa wa ile safari, alipewa cheo cha baron, na jina la Tabora likaungwa ku jina lake: Tombeur de Tabora. Mzungu mmoja alipewa mji muzima kuwa jina. Mubeba mizigo hakubakizwa hata na jina lake mwenyewe.

3. «Bunduki haiko desturi yetu»

Huu ndio usemi wa wasomi wenzangu, njo maana nitaupiga kwa nguvu.

Wanasema desturi ni yenye ilitoka kwa bankambo, na bunduki ilitoka kwa wageni. Sawa. Basi tutupe muhogo, sababu ulitoka Amerika. Tutupe mahindi pia, na usiku wa leo usile bukari. Tutupe Kiswahili, sababu kilikuja Katanga na wafanya biashara, Bayeke, na kisha wakubwa wa kazi. Tutabakia na nini? Desturi haiko kitu chenye kilishuka kutoka mbinguni siku moja. Ni kitu chenye watu walipokea, wakakitia mu mikono yao, wakakipa jina, wakakiwekea miiko.

Na bunduki ilipewa miiko. Uliza wazee wa vijiji. Mwindaji alikuwa na masharti mbele ya kwenda pori. Bunduki yake haikurukwa na mtoto, haikupewa mtu bure, na mwenyewe akifa haikuchukuliwa paka wakubwa wa ukoo wakae na kusemezana. Wahunzi wetu, wenye walijua kuyeyusha shaba na kuvuta waya mbele mzungu hajafika, walijifunza kuitengeneza ikivunjika. Hayo yote ni maarifa. Msomi mwenye anasema «si yetu» anaachilia maarifa ya wahunzi na ya wawindaji, kisha anaenda kutafuta desturi mu nguo za wax zenye zilitengenezwa Uholanzi. Ni kichekesho!

4. Wauzaji

Hawa wa pili ni wabaya zaidi, kwa sababu wao wanajua kama kitu kiko na bei.

Mgeni anafika, au mtumishi wa mgeni. Anasema ananunua vitu vya zamani: viti vya wafalme, masanamu, misalaba ya shaba, bunduki. Kijana mwenye hana kazi anakumbuka ile ya nkambo kule nyuma ya mlango. Mzee amelala. Asubuhi bunduki haiko, na makuta yamekwisha ku bia na ku nsimu. Ninajua familia moja ya Katuba yenye iligawanyika paka leo juu ya jambo la namna hii. Nilipouliza alama gani zilikuwa ku ile bunduki, hakuna mwenye alijua. Nilipouliza nkambo aliipata wapi, mmoja akasema Tabora, mwingine akasema hapana, ilikuwa ya kuwinda, alinunua kwa mzungu. «Papa njo alijua,» wakasema, «sisi hatuyue.» Papa alikufa. Bunduki ilikwenda na swali lenyewe, sababu kama ingalikuwa hapa, tungaliweza kusoma chuma na kukata neno.

Wengine wanaiuza kwa wanunuzi wa vyuma, ile tunaita mitraille, kilo kwa kilo, pamoja na rejeta ya gari na masufuria yenye kutoboka. Hapo haiendi hata kwa mkusanyaji. Inaenda ku moto.

Wauzaji wajue kama kuna sheria. Ile ya tarehe 15 Machi 1971, nambari 71-016, inalinda vitu vya utamaduni wa nchi, na kuvitosha inje haiko jambo la kufanya usiku. Na sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985, nambari 85-035, inaomba ruhusa kwa mwenye kushika silaha. Mwenye kuuza bunduki ya zamani kwa siri anaweza kukosa mbele ya zote mbili. Lakini mimi siko polisi. Ninasema paka hivi: umeuza chuma cha dola kidogo, na pamoja nacho umetoa bure jina la nkambo wako. Mkusanyaji atapaka mafuta, ataandika mu daftari yake «Kongo», neno moja, basi.

5. Wapiga hewani

Hawa wanajiita walinzi wa desturi. Mkubwa akifa, au siku ya sherehe, wanatosha bunduki ya zamani, wanajaza baruti bila kipimo, wanafyatua ili watu waogope na wanawake wapige vigelegele. Wakiulizwa, wanasema: «Njo heshima.»

Heshima kwa mkubwa ninaijua, na mlio wa bunduki ku kilio cha mfalme ni kitu cha zamani, sikatai. Lakini tulinganishe na ule mzungu wa siku ya posho. Yeye amepima baruti, ameangalia mtutu kama hauna ufa, amepiga ku uwanja wenye ukuta wa udongo, hakuna mtoto mbele. Sisi tunapiga katikati ya watu, na chuma chenye miaka mia moja ya kutu, na mkono wenye umekwisha kunywa. Mtutu wa namna ile unaweza kupasuka na kuchukua vidole na macho. Sasi lenye linapanda lazima lishuke, nalo halichagui kichwa. Mwenye kufiwa mara moja asifiwe mara ya pili juu ya heshima yenye haina akili.

Na kuna sababu nyingine. Bunduki ikipasuka, ushahidi umekwisha. Ile alama ya kiwanda, ule mwaka, ile nambari, vyote vinakwenda na moshi. Mlinzi wa desturi njo mwenye ameiua.

6. «Lakini tumechoka na bunduki»

Huyu mwenye kusema hivi, namsikia na ninamheshimu. Katanga ilijua masasi: vita ya 1960 paka 1963, vita za Shaba za 1977 na 1978, kisha Mai-Mai kule Mitwaba, Pweto, Manono na fasi nyingine, na tarehe 23 Machi 2013 Kata Katanga waliingia paka katikati ya Lubumbashi. Kuna wamama mu mji huu wenye wakisikia mlango umepigwa kwa nguvu wanalala chini. Mu miaka ya 2000, mchungaji Daniel Ngoy Mulunda na PAREC yake walizunguka wakibadilisha bunduki na kinga: unatoa silaha, unarudi ku baiskeli. Ilikuwa kazi ya kuokoa maisha. Bunduki ya kuua watu leo, itolewe, ivunjwe, isibakie hata moja.

Lakini tusichanganye. Kuweka Mauser ya 1871, yenye imefungwa isipige tena, mbele ya kioo, na jina la aliyeibeba limeandikwa chini yake, haiko kusifu vita. Ni kinyume chake. Mtoto mwenye amesimama mbele ya ile bunduki, akasoma kama nkambo wake alitembea kwa miguu paka Tabora juu ya ugomvi wa wafalme wa Ulaya, na kama wenzake wengi walikufa na mzigo ku kichwa, ule mtoto hataimba vita haraka. Mwenye kuimba vita ni ule mwenye hajui historia yoyote isipokuwa ya filme za video.

Mu kelasi yangu niliuliza siku moja: nani aliingia Tabora mu 1916? Mikono mingi: «Wabeleji!» Nikauliza: Wabeleji wangapi? Kimya. Kwa kila ofisa mzungu kulikuwa na umati wa watu weusi mbele yake na nyuma yake, na watoto wao wa leo, mu kelasi, mu Katanga, wanasema «Wabeleji». Haiko kosa ya watoto. Ni kosa ya sisi wakubwa wenye tulitupa vitu na kufunga midomo.

7. Tufanye nini

Sipendi maneno yenye yanalia tu bila kutoa kazi. Kazi njo hii.

Kwanza: usiiguse kwa pupa. Bunduki ya zamani inaweza kuwa ingali imejazwa. Usivute fasi ya kidole, usichungulie mtutu, usiitie mu moto, usiigonge na nyundo. Watoto wakae mbali.

Pili: itangazwe kwa wakubwa wenye haki, pamoja na mkubwa wa ukoo na mkubwa wa kijiji kama shahidi, na ifungwe na fundi mwenye ruhusa ili isipige tena. Tusijifiche nyuma ya neno «desturi» kwa kukimbia sheria.

Tatu: kabla haijatoka mikononi mwenu, muandike. Chukua daftari ya masomo, haihitaji zaidi. Urefu. Alama zote zenye zinaonekana ku chuma na ku mti, zichorwe kama zilivyo. Kisha maswali: nani aliileta, mwaka gani, kutoka wapi, nani aliishika kisha yake, aliitumia kwa kazi gani, miiko yake ilikuwa gani, iliitwa jina gani. Andika jina la mwenye kueleza na tarehe. Wazee wawili wakipingana, andika yote mawili, usichague mwenye anakupendeza. Historia ya mdomo inaweza kukosea mwaka, lakini alama ya chuma inaweza kukosoa mdomo, na mdomo unaweza kusema yenye chuma hakijui. Vinahitajiana kama bwana na bibi.

Nne: tukusanye wenzake wa kweli. Mkusanyaji wa Ulaya anatafuta mkanda na bayoneti. Sisi tutafute mfuko wa baruti wa ngozi, pembe ya kuwekea, chuma cha muhunzi cha kutengenezea, nyimbo za wawindaji, barua na foto za basoda wa Force Publique, medali yenye mama anafungia funguo, na kitabu cha kazi cha nkambo mwenye alichimba shaba wakati ule. Hivi njo vyombo vyenye vinafaa ile bunduki.

Tano: nyumba iko. Musée National de Lubumbashi, yenye ilianzishwa mu miaka ya 1940 na daktari Francis Cabu, ingali yetu. Wengine watasema haina makuta. Basi kama haina makuta, tutamsaidia aje kwa kupeleka vitu ku masoko? Kuna pia nyumba za wafalme wetu, kama Bunkeya, kwenye ukumbusho haujakufa. Na ndugu zetu wenye wanaishi Ubelgiji na Ujerumani, kazi yao iko rahisi: waende ku ile mikutano ya wakusanyaji, wapige foto za bunduki zenye zilitoka kwetu, waandike nambari, watume. Hatuombi ugomvi. Tunaomba nambari, nasi tutatafuta majina.

Walimu wenzangu, hasa wa historia, ninyi wenye mmepita ku ISP kama mimi: kila mwaka tunawapa wanafunzi kazi za nyumbani zenye wanakopiana wao kwa wao. Tuwape hii moja: kila mtoto aende kwa mzee mmoja wa ukoo wake, amuulize kama kuna mwenye alibeba bunduki au mzigo mu vita yoyote, na alete ukurasa mmoja wenye jina, kijiji na njia. Kelasi moja ya watoto 50 italeta kurasa 50. Masomo 10 ya mji huu yataleta kitabu chenye hakuna mzungu hata mmoja, na mtaalamu wowote, mwenye anaweza kukiandika pahali petu.

Wazee wenye walisikia habari ya Tabora kwa masikio yao, kutoka kinywa cha baba zao, wanabakia kidogo, na kila msimu wa mvua unachukua mmoja. Chuma kitangoja, hata kama na kutu. Mzee hangoji. Basi mwenye kusoma maneno haya leo jioni, kesho asubuhi achukue kalamu na aende.